Kichupo cha Kwanza

Jumanne, mara tu baada ya chakula cha mchana, Balamurugan aliingia ofisini huku anatabasamu, na Kayalvizhi akajua mambo yameharibika. Bosi wake huyo hakuwa na tabasamu la bure. Akitabasamu namna ile, ujue ameshamkubalia mteja jambo ambalo yeye mwenyewe hataligusa hata kwa kidole.

"Kayal, kuna kitu kidogo," alisema, akivuta kiti.

"Kitu kidogo cha nani tena?"

"Mzee Chokkalingam. Programu ameipenda, tena sana. Anataka tu mungu wetu Pillaiyar atangulie."

"Atangulie wapi?"

"Pale chini, kwenye vichupo. Awe wa kwanza, kabla ya Bei."

Kayalvizhi aliweka kikombe chake cha kahawa mezani polepole, kwa sababu angekiweka haraka kingevunjika.

Programu yenyewe ilikuwa ya simu, ya madalali wa soko la maua la Madurai, na Mzee Chokkalingam ndiye mwenyekiti wa umoja wao. Chini ya skrini palikuwa na vichupo vinne: Bei, Uza, Wanunuzi na Mimi. Dalali akigusa Bei anaona asumini inakwendaje saa hiyo. Akigusa Uza anatangaza kilo zake. Lakini mara nyingi hana haja ya kugusa. Akimaliza kutangaza mzigo, programu inampeleka yenyewe kwenye Wanunuzi. Akikubaliana na mnunuzi, inamrudisha kwenye Bei. Kuhamishwa huko kuliandikwa ndani ya msimbo, na aliyeandika ni mtu mmoja anaitwa Ilango, hodari wa maneno, ambaye alishakimbilia Bengaluru kwenye mshahara mnono. Ilango hakujisumbua kuviita vichupo kwa majina. Aliviita kwa namba, na kwa kuwa watu wa msimbo huanza kuhesabu na sifuri, Bei ilikuwa sifuri, Uza moja, Wanunuzi mbili, Mimi tatu. Nenda sifuri. Nenda mbili. Namba hizo alizimwaga kila mahali kama mtu anayelisha kuku.

"Kaka Bala," Kayalvizhi alisema, akijitahidi sauti isipande, "ukimweka Pillaiyar mbele, yeye ndiye anakuwa sifuri. Bei inakuwa moja, Uza mbili, wote wanasogea. Kila palipoandikwa nenda sifuri, mtu atapelekwa kwa Pillaiyar badala ya kwenye bei. Na mahali penyewe ni sitini na kitu."

"Si uongeze moja tu?"

"Tumweke juu ya ukurasa basi. Picha nzuri, na taa. Asiwe kichupo."

"Mzee anataka amguse, kengele ilie." Balamurugan alinyoosha kidole kwenye daftari lililokuwa wazi mezani, ambamo Kayalvizhi alikuwa ameorodhesha makosa ya kurekebisha. Juu kabisa ya ukurasa, kabla ya kosa la kwanza, palikuwa na kikunjo kidogo cha kalamu. "Hata wewe mwenyewe umemtanguliza. Sasa mzee akitaka programu yake ianze vilevile, kosa lake nini?"

Hapo alimkamata. Madurai haandiki mtu barua, wala orodha ya kununua bizari, bila kuchora kwanza ile alama ya Pillaiyar, mwenye kichwa cha tembo, mfungua njia ya kila jambo. Kayalvizhi aliichora tangu darasa la kwanza, mkono ukienda wenyewe. Alilifunga daftari kwa kishindo.

"Jumatatu wanatia sahihi au hawatii," Balamurugan akamalizia, safari hii bila tabasamu. "Wasipotia, wakubwa wa Chennai wanaifunga ofisi hii. Unajua."

Alijua sana. Miaka mitatu alikaa Chennai kwenye hosteli ya wanawake, vitanda vinne chumba kimoja, huku mumewe Anbarasu akifundisha kemia shule ya serikali huko Melur, nje kidogo ya Madurai. Mwalimu wa serikali hahami kwa kupenda kwake. Ndoa yao ikawa ni ya basi la Ijumaa jioni na basi la Jumapili jioni. Ofisi ya Madurai ilipofunguliwa, chumba kimoja juu ya duka la vyombo, Kayalvizhi alikuwa wa kwanza kuomba kuhamia. Sasa ni mwezi wa nane wanaamka nyumba moja. Ofisi ikifungwa, anarudi kwenye kitanda cha nne, kile cha karibu na choo.

Basi akakubali, na jioni ileile akamweka Pillaiyar kuwa kichupo cha kwanza.

Jumatano asubuhi alianza kazi ya maana: kuzing'oa namba zote na kuweka majina mahali pake. Badala ya nenda sifuri, nenda Bei. Jina halisogei hata uweke miungu kumi mbele yake. Ilikuwa kazi ya kuumiza macho, maana si kila sifuri ni kichupo; sifuri nyingine ni kilo, nyingine ni rupia, na ukigusa isiyohusika umeharibu kwingine. Kufika saa saba alikuwa amemaliza sehemu ishirini na mbili. Akaiacha laptopu wazi, akashuka barazani kula wali wake wa mtindi na achari ya ndimu.

Aliporudi alimkuta Balamurugan kwenye kiti chake.

"Nimekumalizia," alisema kwa furaha.

"Umenimalizia nini?"

"Kuongeza moja. Wewe unahangaika na kimoja kimoja, kumbe kompyuta inabadilisha zote kwa mkupuo! Nimeiambia kila nenda sifuri iwe nenda moja. Halafu kila nenda moja iwe nenda mbili. Halafu mbili iwe tatu, na tatu iwe nne. Dakika tano, Kayal. Dakika tano."

Kayalvizhi alisimama na kopo lake la chakula mkononi. Alimtazama bosi wake, akaitazama skrini, akamtazama tena bosi wake.

"Kaka Bala. Zile sifuri ulizozifanya moja. Uliposema kila moja iwe mbili, zenyewe zikawa nini?"

"Zikawa... mbili."

"Halafu?"

Akamwona anahesabu kwa vidole. Tatu. Nne. Tabasamu likaanza kumtoka usoni, upande mmoja kwanza.

"Zote zimekuwa nne," Kayalvizhi alisema. "Zote, kaka. Hebu shika simu uone."

Akashika. Alitangaza kilo kumi za asumini, programu ikampeleka kwenye Mimi. Akamkubali mnunuzi, ikampeleka kwenye Mimi. Akabonyeza arudi kwenye bei, Mimi. Kila alikogusa alikutana na picha yake mwenyewe, amevaa shati la hariri la harusi ya dada yake.

"Angalau inafunguka," alisema.

"Na zile ishirini na mbili zangu za asubuhi ziko wapi?"

"Zipi? Aa, zile. Nilikuta umechanganya majina na namba, nikaona vurugu. Nikarudisha nakala ya jana kwanza, ili nianze na kitu safi."

Hasira zilimpanda Kayalvizhi mpaka utosini. Asubuhi yake nzima, macho yake, mgongo wake, vyote vimefutwa na mtu aliyeona vurugu! Angekuwa mtu mwingine angemrushia lile kopo. Lakini huyu ndiye aliyekuwa akiandika ripoti za kwenda Chennai, na neno lake moja lingetosha kumpandisha basi.

"Kaka Bala, nakuomba," alisema. "Laptopu hii usiiguse tena. Hata ukiiona inawaka moto, iache iteketee."

"Usikasirike, Kayal. Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Ndicho kinachoniudhi."

Akaanza upya. Alhamisi adhuhuri namba zote sitini na tatu zilikuwa zimekwisha, na vichupo vitano vilikwenda vinakoitwa. Kilibaki kitu kimoja, nacho kilikuwa nje ya mikono yake. Bei ya asumini ikipanda au kushuka, seva ya Chennai hutuma ujumbe kwenye simu za madalali wote, na ndani ya ujumbe mna agizo: ukiguswa, fungua kichupo fulani. Akawaandikia watu wa seva: "Ujumbe wenu wa bei unakiita kichupo kwa namba au kwa jina? Kama ni namba, wekeni jina, tafadhali, kabla ya Jumatatu. Sifuri sasa si Bei tena."

Jibu lilikuja baada ya saa mbili. Lilikuwa kijipicha cha dole gumba.

Kayalvizhi alilikodolea macho. Dole gumba maana yake nini? Tumeshabadilisha? Tutabadilisha? Tumekusikia, tuache tunywe chai? Akaandika tena: "Mmebadilisha?" Likaja dole gumba la pili. Akapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Akajiambia ana Ijumaa nzima na Jumamosi ya kuwasumbua.

Saa kumi simu ya Balamurugan ililia, na sauti ya Mzee Chokkalingam haikuhitaji spika, ilijaa chumba kizima.

"Nani kapanga Jumatatu saa mbili?"

"Mimi, ayya," Balamurugan alijibu kwa adabu.

"Nyumbani kwako hakuna kalenda? Jumatatu toka saa moja na nusu mpaka saa tatu ni Rahu kalam. Anayetia sahihi saa ya mkosi ile ni mtu anayetaka kufilisika!"

"Samahani, ayya. Basi tufanye saa nne."

"Jumatatu saa nne nitakuwa barabarani na miguu yangu. Jumamosi naanza hija ya Palani, sirudi leo wala kesho. Njooni kesho. Kesho Rahu kalam inaanza saa nne na nusu, kwa hiyo saa tatu kamili muwe ukumbini. Tumalize kabla."

"Bila shaka, ayya. Kitu kidogo."

Miaka kumi ya kukaa Chennai ilikuwa imemsahaulisha Balamurugan hata kuangalia karatasi ya kalenda ukutani, jambo ambalo kila bibi wa Madurai hulifanya kabla hajafungua dirisha. Siku tatu za Kayalvizhi zilikwenda hivyo, kwa simu moja. Alipiga tena Chennai. Hakuna aliyepokea.

Ijumaa alfajiri Anbarasu alichemsha kahawa mwenyewe, akampelekea kitandani, jambo ambalo hakulizoea.

"Kuna nini kilichobaki?" aliuliza.

"Dole gumba."

"Dole gumba?"

"Usiniulize. Nikieleza nitapiga kelele, na jirani ana mtoto mchanga."

Anbarasu alikaa ukingoni mwa kitanda. "Wakikataa, nitaomba uhamisho wa Chennai."

"Uliomba mara nne."

"Nitaomba ya tano," alisema, ingawa wote wawili walijua ya tano itakwenda zilikokwenda zile nne.

Ukumbi wa umoja wa madalali ulikuwa juu ya soko lenyewe, na harufu ya asumini ilipanda ngazi pamoja na watu. Saa tatu walikuwa wamefika kama arobaini, wote wanaume isipokuwa mmoja, Pechiammal, mama wa makamo aliyekuwa na kibanda chake cha udalali tangu mumewe afariki. Wengi walitoka moja kwa moja vibandani, mikono bado mibichi. Mzee Chokkalingam alikaa mbele, majivu matakatifu paji zima la uso, simu ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka.

Alianza na Pillaiyar. Kengele ikalia, ukumbi ukafurahi. Akatangaza kilo tano za majaribio, programu ikamleta kwenye Wanunuzi. Akamkubali mnunuzi, ikamrudisha kwenye Bei. Kila kichupo kilifunguka kilipoitwa, na Kayalvizhi, aliyekuwa amesimama wima karibu na ukuta, akauegemea.

Ndipo simu zote zikalia pamoja. Ujumbe wa bei. Asumini imeshuka.

Mzee Chokkalingam aliugusa ule ujumbe. Arobaini wakaugusa. Na kwenye simu zote arobaini, badala ya bei, akatokea Pillaiyar na taa zake, kengele zikalia ukumbi mzima.

Kwa hiyo dole gumba lilikuwa halina maana yoyote. Kayalvizhi akakiona kitanda cha nne, kile cha karibu na choo.

Mzee Chokkalingam aliweka simu mapajani. Akakunja ngumi mbili, akajigonga kidogo kwenye paji la uso, kulia na kushoto, kama mtu anavyojigonga akiabudu mbele ya sanamu ya Pillaiyar kwenye njia panda. Wengine wakafuatisha.

"Hii," alisema, "hii ndiyo programu. Bei imeshuka, roho ya mtu imeruka, anataka kufanya jambo la haraka. Kabla hajalifanya anaonana kwanza na Pillaiyar. Nani kabuni hiki?"

"Tulikaa tukafikiri, ayya," alisema Balamurugan, bila hata kupepesa jicho.

Kayalvizhi angeweza kunyamaza. Kila kitu alichokitaka kilikuwa pale mbele yake, kinangoja anyamaze. Lakini mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hapana, ayya. Ni kosa."

Vichwa vikageuka.

"Ujumbe unatoka Chennai na namba ya zamani. Ulitakiwa kufungua bei. Tulipomweka Pillaiyar mbele, namba zikasogea, wao hawakubadilisha. Ni kosa letu. Nalirekebisha."

"Kayal," Balamurugan alinong'ona, jasho likimtoka.

Mzee Chokkalingam hakukasirika. Alimtazama kwa huruma. "Binti yangu, hao watu wa Chennai walikusudia kumleta Pillaiyar?"

"Hapana, ayya."

"Wewe ulikusudia?"

"Hapana."

"Huyu bosi wako?"

"Huyu? Huyu hata hajui Pillaiyar anafunguka vipi."

"Basi kaja mwenyewe," mzee alisema.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wazee wawili walisimama na kuviunganisha viganja juu ya vichwa vyao. Wiki nzima hakuna aliyemsikiliza Kayalvizhi akisema litatokea kosa, na sasa limetokea hakuna anayemwamini kwamba ni kosa!

"Ayya," ilikuja sauti kutoka nyuma. Pechiammal. "Pillaiyar namsalimu nyumbani kabla sijatoka. Bei ikishuka, mimi nataka kuiona bei."

"Pechi, ni mguso mmoja tu zaidi."

"Mguso mmoja kwako wewe unayekaa ofisini. Mimi mikono yangu..."

"Saa zinakwenda," mzee alisema, akiangalia ukutani. "Leteni karatasi."

Walitia sahihi saa nne na dakika kumi na nane. Kabla ya kuweka jina lake, Mzee Chokkalingam aliongeza mstari kwa mkono: ujumbe wa bei utaanzia kwa Pillaiyar, wala hapataguswa, pakiguswa, mkataba umekufa. Balamurugan akasaini, kisha akamsogezea Kayalvizhi kalamu, asaini kama mtengenezaji. Aliisoma ile sentensi mara mbili. Akasaini.

"Umeona?" Balamurugan alisema wakishuka ngazi. "Nilikwambia, kitu kidogo." Kayalvizhi alimwacha atangulie, kwa usalama wake.

Akampigia Anbarasu. "Tumebaki," alisema, na akasikia darasa zima likicheka kwa ukelele aliopiga mwalimu wao.

"Mbona sauti yako hivyo?" Anbarasu aliuliza.

"Wamelipenda kosa."

"Si ndiyo bora?"

Akakata simu. Alipofika chini, Pechiammal alikuwa tayari amerudi kibandani kwake, amesimama nyuma ya rundo la asumini lililofunikwa gunia bichi. Mnunuzi mmoja alikuwa ameinama anainusa.

"Wewe ndiye uliyesema ni kosa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Subiri hapo uone."

Haikuchukua muda. Simu ikalia: asumini imeshuka tena. Pechiammal aliugusa ujumbe kwa kidole kilichokunjamana kwa maji. Akaja Pillaiyar, taa, kengele. Akagusa Bei. Simu haikusikia. Akagusa tena, ukucha ukaacha tone la maji juu ya kioo, skrini ikarukaruka. Akafuta kidole kwenye sari, akafuta kioo, akagusa mara ya tatu, Bei ikafunguka. Mnunuzi alishamwona anababaika, akahamia kibanda cha jirani, ambako walikwisha kupunguza bei.

"Mguso wa kwanza huwa naupata," Pechiammal alisema. "Wa pili simu hainisikii. Mikono yangu ni mibichi tangu saa kumi alfajiri."

"Pole, mama."

"Pole haijazi kikapu. Nani anaweza kulirekebisha?"

"Mimi."

"Kazi ya siku ngapi?"

Kayalvizhi alitamani kumdanganya. "Dakika mbili."

Pechiammal alimtazama usoni. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Dakika mbili."

"Nikigusa, mama, mkataba unakufa. Ofisi inafungwa, narudishwa Chennai. Mume wangu yuko hapa."

"Kwa hiyo hutagusa, na unabaki."

"Nabaki."

"Njia yako ya kwenda kazini ni hii ya mbele ya kibanda?"

"Ndiyo, mama. Kila asubuhi."

"Haya," alisema Pechiammal, akiinama kuchambua maua yake. "Uwe unapita unanisalimia."